Maji ya Uzima, Jasho na Moshi

Oloipiri hakuna kiwanda cha wiski. Naanza na hilo ili msomaji asije akafunga mkoba bure. Ni kijiji cha wafugaji wa Kimaasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kinachopakana na Hifadhi ya Serengeti. Magazetini kimeandikwa sana kwa sababu ya migogoro ya ardhi. Mimi nilikwenda kwa jambo linaloonekana dogo: nakusanya habari za vyakula na vinywaji kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili katika historia.

Wiki hiyo hiyo, rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya kwanza, ambaye sasa yuko Scotland, alinitumia ratiba ya matembezi yake ya Jumamosi. Basi linawachukua asubuhi, linawapitisha kwenye viwanda vitatu vya wiski, kila kiwanda wanaonja vibilauri viwili au vitatu, mchana wanakula chakula cha wenyeji, jioni wanarudi na chupa kwenye begi. Chini ya ratiba aliandika: "Dada, hii ndiyo historia inayolipa." Nilicheka, lakini swali likabaki. Kwa nini kwao mtambo wa pombe kali una tiketi, na kwetu una kesi?

Basi siku hiyo niliigeuza ratiba yake kuwa orodha ya maswali. Watu wa hapa wanakunywa nini? Kimetengenezwa kwa nini? Nani anaruhusiwa kukinywa, na kinaandamana na chakula gani?

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha maziwa. Mwenyeji wangu, mama wa makamo niliyemwita yeyo, alinimiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kirefu. Yalikuwa mazito, makali kidogo, na yana ladha ya moshi. Nilipomuuliza moshi umetoka wapi, alinionyesha kijiti cheusi kilichochomekwa ukutani. Ni cha oloirien, mzeituni mwitu. Kabla ya kutia maziwa, kijiti kikiwa bado kina kaa la moto husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta ziwe nyeusi, kisha majivu hukung'utwa. Kazi hiyo husafisha kibuyu, husaidia maziwa yasiharibike upesi, na huyapa ladha ambayo mtoto wa Kimaasai aliyeko mjini huikumbuka kabla hajakumbuka kitu kingine cha nyumbani.

Hapo hapo nikamkumbuka rafiki yangu. Wiski za kisiwa cha Islay zinasifiwa duniani kwa ladha yao ya moshi. Kule shayiri iliyooteshwa hukaushwa juu ya moto wa udongo mweusi wa mabwawa, udongo uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao wenyeji huukata vipande na kuuchoma kama kuni. Walifanya hivyo kwa sababu kuni zilikuwa adimu. Ladha ilikuja yenyewe, na baadaye ikapewa bei. Yeyo naye anafanya kazi ile ile ya moshi kwa kijiti cha mzeituni, na hakuna aliyewahi kumtoza mgeni senti kwa kuangalia.

Mchana tulikula mbuzi. Nyama ilichomwa kwenye vijiti vilivyochomekwa ardhini kuzunguka moto, na mifupa ikachemshwa supu yenye magome ya olkiloriti, aina ya mgunga. Supu ile ni chungu na inawasha koo, na wazee wanaiamini kwa kusaga nyama tumboni. Sahani ya ugali ilikuja pia, maana Loliondo ya leo inakula mahindi kama Tanzania nzima. Hapo ndipo mazungumzo yalipofika kwenye pombe.

Mzee mmoja aliyeketi nasi alinieleza juu ya enaisho, pombe ya asali. Unachukua asali na maji, unatia mizizi ya osuguroi, yaani mshubiri, au matunda makavu ya oldarboi, mti ambao Kiswahili kinauita mwegea. Mchanganyiko unakaa kwenye kibuyu kikubwa mahali penye joto, siku kadhaa, mpaka uchemke wenyewe bila moto. Inanywewa kwenye sherehe za rika, kwenye ndoa na kwenye baraka, na wazee huitema kwa matone juu ya wanaobarikiwa. Kwa desturi morani hakunywa. "Pombe ilikuwa na mwenyewe," mzee aliniambia, "na mwenyewe alikuwa mzee. Siku hizi mwenyewe ni mwenye hela."

Sheria yake haikuandikwa popote lakini ilifanya kazi. Ilijibu nani anywe, lini, mbele ya nani, na kwa sababu gani. Ukienda mbali kidogo unakuta sheria za namna hiyo zenye majina mengine. Siku chache kabla, nikiwa Karatu kwa Wairaqw, nilionja buura, pombe yao ya nafaka, nzito kama uji, ambayo bado inaandamana na kazi za kusaidiana shambani. Kilimanjaro kuna mbege, ya ndizi na ulezi, yenye uchungu wa magome ya msesewe, na mposaji anayekwenda bila mbege hajaenda. Iringa kuna ulanzi, utomvu wa mianzi. Pwani kuna tembo la mnazi. Zote hizi zinachachuka na kuishia hapo. Chachu hula sukari na kutoa ulevi, lakini ulevi ukizidi sana chachu yenyewe hufa. Ndiyo maana pombe za kuchachua haziwezi kuwa kali kupita kiasi fulani.

Ili kwenda mbele ya hapo unahitaji moto na bomba. Ulevi, ambao wanakemia wanauita ethanoli, huchemka kwenye nyuzijoto 78, wakati maji husubiri hadi 100. Ukiipasha moto pombe iliyochachuka, mvuke unaotangulia kupanda ndio wenye ulevi mwingi. Ukiunasa na kuupoza unadondoka tone kwa tone, mkali na mweupe kama maji. Huko ndiko kukeneka. Kiwanda cha Scotland chenye vyungu vya shaba virefu kuliko mtu, na pipa la mafuta lililofichwa mgombani na bomba lake likipita kwenye maji baridi, vinafanya kazi moja.

Watu wengi waliokutana na ujuzi huu waliupa jina kutokana na walichokiona. Wazungu wa zamani walikiita kinywaji hicho kwa Kilatini aqua vitae, maji ya uzima. Waskoti wakalitafsiri kwa Kigaeli, uisge beatha, na kutoka neno la kwanza tukapata wiski. Waarabu waliona matone yakijikusanya kwenye chombo kama jasho kwenye paji la uso, wakasema araki, maana araki ni jasho. Sisi tuliona mvuke, tukasema moshi. Halafu wanywaji wakaona matokeo, wakasema gongo.

Ujuzi wa kukeneka haukuwa wa asili kwetu kama mbege au enaisho. Katika Afrika Mashariki ulienea zaidi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na askari wenye asili ya Sudan waliotumikia wakoloni, pamoja na familia zao, wanatajwa sana kama wasambazaji wake. Kibera, mtaa uliotokana na ardhi waliyopewa askari Wanubi huko Nairobi, ulijulikana kwa pombe yao kali tangu siku za ukoloni. Uganda inaitwa waragi, na Kenya chang'aa.

Lakini sheria ilitangulia kufika. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa yalikubaliana pia kuhusu pombe kali barani Afrika, katika ukanda wote ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini. Katika maeneo ambayo pombe kali ilikuwa haijazoeleka, ilikatazwa kuingizwa na kutengenezwa. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa, mkataba mwingine ulikaza zaidi: hata mitambo ya kukeneka ikazuiwa kuingizwa. Uingereza, ambayo Scotland imo ndani yake, ilitia saini. Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, udhibiti wa pombe kali ulikuwa miongoni mwa masharti.

Msomaji anaweza kusema: si vizuri? Pombe kali ya bei rahisi ilikuwa imeshaleta madhara makubwa Afrika Magharibi, na wapo waliotetea marufuku hiyo kwa nia njema kabisa. Nakubali. Ila tuangalie mlango ulioachwa wazi. Mikataba yote miwili iliruhusu pombe kali kuingia kwa ajili ya wakazi wasio wenyeji. Kwa hiyo kinywaji kile kile kilikuwa halali au haramu kwa kutegemea rangi ya mkono ulioshika bilauri. Mzungu aliweza kujimiminia wiski barazani, na Mwafrika aliyempelekea barafu alikuwa anavunja sheria akionja. Hapa ndipo sheria yetu ya pombe kali ilipozaliwa. Swali lake la kwanza lilikuwa mnywaji ni nani, na usalama wa kinywaji ukafuata nyuma.

Sasa turudi Scotland, maana kule nako mambo hayakuanza na tiketi. Kumbukumbu ya mwaka 1494 inamtaja mtawa aitwaye John Cor aliyepewa shayiri ya kutengenezea aqua vitae. Karne tatu baadaye milima ilikuwa imejaa mitambo ya siri. Kodi ilikuwa kubwa, wakulima wakapika usiku, wakusanya kodi wakawafukuza mabondeni, na watu wakaumizana. Kisha mwaka 1823 bunge la Uingereza lilibadili njia: leseni ikawa pauni 10 kwa mwaka, na kodi ikashushwa. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, wa kwanza katika eneo lake. Majirani zake waliokuwa bado wanapika kwa siri walimwona msaliti, na alilazimika kutembea na bastola mbili kiunoni. Leo Glenlivet ni jina linalosomeka kwenye baa za hoteli za Karatu, ambako watalii hulala kabla ya kwenda kreta. Kwa hiyo ratiba ya rafiki yangu ni matembezi katika nyumba za watu waliokuwa wahalifu.

Afrika Mashariki iliyopata uhuru ilikuwa na nafasi ya kuchagua. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965. Mpikaji alitakiwa awe na leseni na auze kwa kiwanda, na kiwanda kikaikeneka tena na kuiweka chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wengi waliendelea kupika bila leseni, lakini angalau kulikuwa na daraja kati ya pipa la kijijini na chupa ya dukani. Tanzania ilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966, ambayo ilifanya kutengeneza, kuuza au kukutwa na moshi bila leseni kuwa kosa. Kwa mpishi wa kijijini leseni hiyo ilibaki neno la kwenye karatasi. Kenya ilipiga chang'aa marufuku kabisa mwaka 1980, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2010.

Huku kwetu pombe kali halali ikawa ile ya kiwandani, na maarufu kuliko zote ni Konyagi ya Dar es Salaam. Jina lenyewe ni konyaki iliyobadilika kidogo, na konyaki inatokana na mji wa Cognac nchini Ufaransa. Wafaransa wanalinda jina la mji wao kwa sheria kali. Sisi tulichukua jina la mji wa watu tukaacha jina letu wenyewe, moshi, likae kwenye hati za mashtaka.

Nina sababu ya kuyaandika haya kwa moyo wa moto. Bibi yangu mzaa mama, Rombo, aliuza mbege mbele ya nyumba na kupika gongo nyuma, mgombani. Nilikuwa nampelekea kuni. Kikombe cha kwanza kilichotoka kwenye bomba alikimwaga kila mara. Alisema hicho kina kichwa kibaya. Matone yalipoanza kuwa mepesi mdomoni alizima moto, hata kama pipa lilikuwa na kitu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wakenekaji wa Scotland hugawa pombe yao sehemu tatu, kichwa, moyo na mkia, na huweka chupani moyo peke yake. Bibi alikuwa anajua hilo bila kitabu.

Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kabla haijafutwa, na juu yake kulikuwa na michango, sare na madaftari. Vyote vilitoka kwenye bomba lile. Mwaka 2013 askari walikuja alfajiri. Walitoboa pipa kwa sururu, wakamchukua bibi na kanga yake moja, akalala mahabusu siku mbili. Faini ililipwa kwa kuuza mbuzi. Wiki tatu baadaye alinunua pipa jingine, kwa sababu muhula ulikuwa unafunguliwa.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu. Mjomba wangu, kitindamimba wa bibi, aliinywa pombe ya mama yake mpaka ini likakataa. Alikufa akiwa na miaka 34. Bibi hakuwahi kulizungumzia, ila baada ya mazishi aliacha kuuza kwa vijana wa kitongoji chetu, akawa anauza jumla kwa mtu wa mbali. Alijua anachouza. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba gongo ni urithi wa kupigiwa makofi. Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani ambayo haionekani tofauti na ethanoli kwa macho wala kwa pua. Methanoli ya namna hiyo haitoki kwenye ndizi za bibi kizee. Inaongezwa na mtu anayetaka faida ya haraka. Na mahali ambapo biashara yote iko gizani, mnywaji hana njia ya kumtofautisha mpishi anayemwaga kikombe cha kwanza na tapeli anayeongeza sumu.

Kuhalalisha kwa maneno matupu hakutoshi pia, na Kenya ni ushahidi. Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa, lakini ikadai leseni, viwango na chupa ambazo mama wa mtaa wa mabanda hakuzimudu. Yeye akabaki gizani. Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa methanoli katika kaunti kadhaa. Kwetu Tanzania serikali ilipiga marufuku pombe ya kwenye vifuko vya plastiki, viroba, kuanzia Machi 1, 2017, na ilikuwa na sababu: viroba vilikuwa vimefika mpaka kwenye mikoba ya wanafunzi. Pale Oloipiri dukani nilikuta chupa ndogo za pombe kali ya kiwandani kando ya sabuni na betri. Mzee wa enaisho alizitazama akasema, "Hii haina mzee wa kuigawa." Nimelifikiria sana neno lake. Chupa ile ina leseni, ina kodi, ina nembo. Ila hakuna anayeuliza nani anainywa, na kwa sababu gani.

Loliondo inatukumbusha pia kwamba serikali ikitaka kusimamia kikombe, inaweza. Mwaka 2011 watu kutoka Afrika Mashariki nzima walimiminika Samunge, katika wilaya hii hii ya Ngorongoro, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, tuliyemwita Babu. Kikombe kimoja, shilingi 500, maji yaliyochemshwa na mizizi ya mugariga. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine walifia njiani, na wapo walioacha dawa za hospitali. Viongozi wakubwa walikwenda kunywa mbele ya kamera. Hakuna sufuria iliyotobolewa. Kikombe cha Babu kilikuwa na watu wazito nyuma yake, na cha bibi kilikuwa na wanaume wa kitongoji wenye viatu vya tairi. Sisemi Babu angekamatwa. Nasema dola ilionyesha kwamba ina njia nyingine ya kukikabili kinywaji isichokijua, zaidi ya sururu.

Jibu la swali langu, basi, halimo kwenye shaba ya mtambo wala kwenye shayiri. Scotland ilipata tiketi kwa sababu mwaka 1823 dola iliamua kwamba ni nafuu kumwandikisha mpishi kuliko kumkimbiza, na ikaweka bei ambayo mkulima wa mlimani aliweza kuilipa. Sisi tulirithi sheria iliyoanzia kwa kuuliza rangi ya mnywaji. Rangi tuliifuta, lakini mashaka juu ya mpishi tuliyahifadhi. Kwa miaka karibu 60 tumetoboa mapipa, na gongo bado iko kila mkoa.

Ninachopendekeza katika tasnifu yangu hakina mbwembwe. Leseni ya kijiji, kwa bei ya kijiji. Kipimo cha methanoli wilayani, ambacho mpishi anaweza kupeleka chupa yake bila kuhofia pingu. Kiwanda kinachonunua kwa wapishi walioandikishwa na kukeneka upya, kama Uganda ilivyojaribu. Na katika kila hilo, swali la mzee wa Oloipiri liwemo: nani anagawa, na nani anakatazwa? Msimamizi wangu ameniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba mwanahistoria hapendekezi, anaeleza. Pengine ni kweli. Lakini elimu yangu yote ya sekondari ililipwa na kosa la jinai, na sijui namna ya kulieleza hilo bila kutaka sheria ibadilike.